Kwa nini Tumaini ananinyima usingizi, na Utubora ananilaza? (Uzi wa wahusika wenye kasoro)

#1 Kitabu Chakavu (Uyole)

Habari za jioni wakuu.

Juzi nilikwenda Mwanjelwa kubadilisha soli za viatu. Nikiwa nasubiri nikasogea kwa muuza vitabu anayetandika turubai chini, nikaokota riwaya ya Kezilahabi, Dunia Uwanja wa Fujo. Jalada limeshonwa kwa uzi wa gunia. Akataka elfu tano, nikampa elfu tatu, akanuna, tukaachana salama.

Kitabu nilishakisoma zamani. Safari hii kilichonishika ni penseli. Aliyekuwa nacho kabla yangu alikuwa anaandika pembeni. Kila Tumaini, mhusika mkuu, anapofanya upuuzi, anapotapanya mali aliyorithi, anapochezea mabinti za watu, pembeni limeandikwa neno moja: "mjinga". Nimehesabu, ni mara kumi na moja. Ile ya kumi na moja imekandamizwa hadi karatasi imetoboka. Halafu mwishoni kabisa, Tumaini akishakuwa mtu wa kunyongwa, kwenye kona ya chini kuna neno jingine dogo sana: "pole".

Nikakaa na hilo neno. Kwa sababu na mimi nilikuwa nimeshamtukana Tumaini moyoni, na na mimi mwishoni nilitaka kumpa pole.

Kesho yake nikasoma tena Utubora Mkulima ya Shaaban Robert. Utubora ni mtu safi: anaacha kazi ya mjini, anarudi kulima, hana kinyongo wala tamaa. Ningependa awe jirani yangu. Nilifunga kitabu nikalala fofofo. Tumaini, ambaye nisingemkopesha hata jembe, ndiye aliyenikesha.

Kwa nini iwe hivyo? Na wewe, mhusika gani mwenye kasoro amekuganda?

#2 Ngoja Waje

Siti ya mbele. Nimekuja na karanga.

#3 Mwalimu wa Zamani (Tukuyu)

Mtoa mada, jibu lako lipo kwenye daftari la kidato cha tatu. Utubora ni mhusika bapa, toka mwanzo hadi mwisho yuko vile vile. Tumaini ni mhusika duara: anabadilika, anaathiriwa na mazingira, anamshangaza msomaji. Msomaji humpenda mhusika duara kwa kuwa binadamu nao ni duara. Nimefundisha hilo miaka ishirini na nane.

#4 Binti Kiwira

Shikamoo Mwalimu. Kwa heshima zote, umetaja jina la ugonjwa, hujasema unasababishwa na nini. Kuna wahusika wanabadilika kama kinyonga na bado ukifunga kitabu umewasahau.

Mimi aliyeniganda si mhusika mkuu. Ni Zakaria, baba yake Rosa, kwenye Rosa Mistika. Niliisoma kidato cha pili, bwenini, chini ya blanketi, mwezi wa sita, na wenzangu mnajua baridi ya huku mwezi wa sita. Tulikuwa tunakipokezana kwa zamu ya usiku mmoja mmoja, kwa sababu tulisikia kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni. Hicho ndicho kilichotufanya tukisome.

Zakaria anampiga bintiye kipigo cha ajabu kwa sababu ya barua ya mvulana. Huyo huyo Zakaria ni mlevi. Nikasema huyu ni shetani, basi. Lakini baba yangu mzazi alikuwa hanywi hata togwa, na alikuwa akisimama mlangoni saa kumi na mbili na tochi, anatumulika usoni mmoja mmoja mimi na dada zangu, kama anayekagua magunia. Barua zetu alizisoma yeye kwanza. Hakuwahi kutupiga. Lakini nilipofika pale Rosa anapotoka mikononi mwa babake na kukutana na dunia bila kuwa na ngozi ya kuikabili, nilifunga kitabu nikalia. Nilikuwa nimejiona mimi, na nilikuwa nimemwona baba. Na hadi leo siwezi kusema baba hakutupenda.

Kwa hiyo jibu langu: kasoro inatuganda pale inapotokana na upendo uliokosea njia. Ukatili mtupu hauna la kusimulia.

#5 Dereva wa Tunduma

Mnazunguka mlima Loleza wakati njia ipo tambarare. Tunapenda umbeya. Mtu mwema hana umbeya wa kumsimulia. "Utubora ameamka, amelima, amelala." Nani atavuta kigoda kusikiliza? Lakini "mtoto wa fulani kala urithi wote akabaki na suruali", hapo hata chai inapoa.

Na sisi ndio wenyewe, hata mkoa wetu unaitwa MBEYA.

#6 Ngoja Waje

😂😂 Dereva karanga zimenipalia

#7 Msafwa Halisi

Dereva acha kupotosha. Mbeya inatokana na neno la Kisafwa "ibeya", maana yake chumvi. Watu walikuwa wanakuja huku kubadilishana bidhaa kwa chumvi. Umbeya umekuja na ninyi wageni.

#8 Dereva wa Tunduma

Sawa. Umbeya na chumvi, kila habari lazima itiwe chumvi. Naona tunakubaliana.

#9 Mkazi wa Gangilonga (Iringa)

Kamwene. Mmesahau jambo kubwa. Hicho kitabu cha mtoa mada ni habari ya kwetu Iringa. Ni yule DC aliyepigwa risasi Isimani mwaka 1972 wakati wa ujamaa. Kezilahabi alibadilisha majina tu. Ndiyo maana kinauma, ni kisa cha kweli.

#10 Rafu ya Juu

#9, nusu ni kweli, nusu ni chumvi ya Msafwa. Aliyeuawa hakuwa DC. Alikuwa Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, na ilikuwa tarehe 25 Desemba 1971, siku ya Krismasi. Chuo cha ualimu cha Kleruu hapo Iringa kimebeba jina lake. Aliyempiga risasi alikuwa mkulima mkubwa wa Isimani, Mwamwindi, akaupeleka mwili mwenyewe polisi mjini, akashtakiwa, akanyongwa.

Riwaya ilitoka 1975, na Kezilahabi ni mtu wa Ukerewe, Tumaini wake ni wa Kanda ya Ziwa. Kufanana kupo: mkulima mwenye mashamba, ujamaa unakuja kuyachukua, kiongozi anauawa, muuaji ananyongwa. Kila aliyesoma miaka ile lazima aliwaza Isimani. Lakini Tumaini ana nusu nzima ya kitabu ya ujana wa kula mali za marehemu wazazi, na hiyo haina uhusiano wowote na Isimani. Ukisema "ni kisa cha kweli" umemwibia mwandishi nusu ya kazi yake.

#11 Mkazi wa Gangilonga

Nimepokea marekebisho. Ila moyo wa kitabu ni Isimani, hapo sikupi.

#12 Mjukuu wa Isimani

Huwa nasoma tu humu sichangii, leo ngoja niseme.

Babu yangu alikuwa na shamba Isimani. Si kubwa la kutisha, lakini alikuwa anakodi trekta, na mahindi ya Isimani enzi zile yalikuwa mahindi kweli. Krismasi ile alikuwepo kijijini. Nilipokuwa mdogo nilidhani atakuwa na upande: ama marehemu alikuwa mkali kupita kiasi, ama muuaji alikuwa mtu mbaya. Siku moja nikamuuliza, tumekaa nje na bilauli ya ulanzi iko miguuni pake. Alinyamaza hadi nikadhani hajanisikia. Kisha akasema, "Wote wawili waliamka asubuhi ile wakavaa viatu." Akanyanyua bilauli. Hakuongeza neno, na hakuwahi kuongeza tena hadi anafariki.

Nimelitafakari hilo neno la viatu miaka mingi. Nikisoma mwisho wa Tumaini ndilo ninalolisikia. Kwa hiyo mimi siamini nadharia ya umbeya. Umbeya unataka kujua nani ana makosa ili umcheke. Babu hakutaka kucheka yeyote.

#13 Dereva wa Tunduma

#12 pole sana ndugu. Naondoa utani wangu kwa muda wa dakika kumi.

#14 Kijana wa Iyunga

Wakuu mimi nasoma fasihi chuo. Naona jibu ni la kiufundi. Angalieni Kichwamaji, riwaya nyingine ya Kezilahabi: Kazimoto anasimulia mwenyewe, nafsi ya kwanza. Uko ndani ya kichwa chake. Anamchukia Manase kwa alichomtendea dada yake Rukia, lakini anaishia kumwoa Sabina, dada wa huyo huyo Manase. Ungesimuliwa na jirani ungesema huyu kijana ana wazimu. Kwa kuwa unasimuliwa na yeye, kila hatua unaona ina sababu. Mtu akikupa sababu zake zote, huwezi tena kumhukumu vizuri. Mwandishi akimweka mhusika nje kama picha ya ukutani, kama Utubora, unampigia makofi unaondoka.

#15 Mama Ndizi

Mwanangu wa Iyunga, Vuta n'kuvute ya Adam Shafi haisimuliwi na Yasmin, na Yasmin kaniganda tangu mwaka niliyoisoma. Msichana mdogo anaozwa Raza, mzee, anamkimbia, anapenda pasipotakiwa, anaangukia kwa Denge ambaye moyo wake uko kwenye siasa. Filamu yake ya 2021 nayo niliiona. Hakuna mahali Yasmin anashika kipaza sauti akajieleza, na bado.

Nina jambo jingine linaniwasha. Someni uzi wenu tangu juu. Tumaini kapewa pole. Kazimoto kapewa sababu. Huyu anaitwa "duara", yule "mwenye utata". Nilipokuwa shule Yasmin na Rosa tuliwaandikia hoja moja kwenye mtihani: "malaya, si mfano mzuri kwa jamii". Alama mbili. Mwanamume akikosea anakuwa falsafa, mwanamke akikosea anakuwa onyo.

#16 Binti Kiwira

Mama Ndizi, ndaga fijo, asante sana. Na mimi niliiandika hoja hiyo hiyo. Nikapata alama zote mbili.

#17 Mwalimu wa Zamani

Mnanisema mimi. Majibu hayo nimeyasahihisha kwa maelfu, na nimeyawekea tiki.

#18 Viazi Mviringo (Isyonje)

Ngoja nimtetee Utubora, maana humu amekuwa mbuzi wa kafara.

Mwaka nilioachishwa kazi mjini, kitabu pekee nilichobaki nacho kwenye begi kilikuwa hicho. Kikanipa ujasiri. Nikasema basi, nitarudi Isyonje nilime viazi kwa moyo mweupe. Nikarudi. Msimu wa kwanza ukungu ukapiga. Unaamka asubuhi shamba lilikuwa kijani, jioni limekuwa kama limemwagiwa maji ya moto. Nilichovuna kilikuwa kidogo, na kingi ni vile vya saizi ya gololi.

Mnunuzi anakuja na lori lake, anataka lumbesa, ule ujazo wa kupandisha kilemba juu ya gunia. Usiku wa kuamkia siku hiyo niliwasha taa ya chemli ghalani nikapakia mwenyewe. Chini na katikati nikaweka gololi. Juu na pembeni, palipoonekana kwenye matundu ya wavu, nikapanga viazi vikubwa kimoja kimoja, kama anayepanga mayai. Magunia kumi na nne. Mikono ilikuwa inatetemeka, na si kwa baridi. Mnunuzi akayapiga kofi mawili matatu, akalipa, akaondoka.

Utubora haugui ukungu wa viazi. Hilo ndilo tatizo langu naye. Lakini sikubali kwamba ni mhusika dhaifu. Bila yeye nisingejua kwamba usiku ule nilikuwa nafanya kitu. Ningesema ni biashara. Tumaini angenifariji, Utubora alinishika shati.

#19 Ngoja Waje

Kumbe ni wewe! Mama watoto alinunua gunia la hivyo, tulimenya viazi hadi kucha zikaisha.

#20 Viazi Mviringo

Mkuu mwezi gani? Kama ni wa tano nitakuletea debe.

#21 Ngoja Waje

Mwezi wowote, debe lete.

#22 Kijana wa Iyunga

#18 umevunja hoja yangu vizuri kuliko mhadhiri wangu. Kwa hiyo mwema ni kipimo na mkosaji ndiye kinachopimwa?

#23 Viazi Mviringo

Sijui kama ni kipimo, mwanangu. Mimi nimesema alinishika shati.

#24 Mzee wa Kalenga

Nimeufuata uzi toka jana. Mnazungumzia watu wa kutungwa, na sisi tuna mtu mzima hapa ambaye hajapata riwaya anayostahili. Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani.

Kila tunachosikia juu yake ni Lugalo, Agosti 1891, kamanda wa Wajerumani Zelewski kauawa na jeshi lake kusambaratishwa. Halafu Kalenga inaanguka 1894. Halafu miaka minne porini. Halafu 1898 anajipiga risasi asishikwe. Halafu fuvu linachukuliwa, linarudishwa 1954, liko makumbusho hapa kwetu. Haya yote ni matukio. Mtu yuko wapi? Miaka minne unawindwa, unalala pangoni, watu wanakufa kwa ajili yako, wengine wanachoka na wewe. Lazima kulikuwa na usiku aliomfokea mtu asiye na kosa. Lazima alimshuku rafiki wa kweli. Akiandikwa na hasira zake na woga wake, ndipo wajukuu zangu watampenda. Sasa hivi wanamjua kama swali la mtihani wa historia.

#25 Mkazi wa Gangilonga

Mzee shikamoo, lakini hapana. Shujaa wa watu hatafutiwi woga. Tukianza kumchimba Mkwawa kasoro, kesho wageni watatuandikia wao kasoro zenyewe. Wajerumani walishaandika za kwao.

#26 Mzee wa Kalenga

Marahaba. Ndiyo maana nataka tuandike sisi kwanza.

#27 Dereva wa Tunduma

Dakika kumi zimeisha. Mimi wangu ni Willy Gamba, yule mpelelezi wa riwaya za Musiba. Kasoro yake wanawake, na bado anashinda kila kitabu. Mjibuni huyo.

#28 Rafu ya Juu

Dereva, hiyo si kasoro, hiyo ni marupurupu ya kazi. Kasoro ni ile inayomgharimu mtu. Gamba analipishwa nini? Ngumi mbili, bandeji, na mrembo mwingine sura inayofuata. Tumaini alilipa shingo.

#29 Dereva wa Tunduma

Ndiyo maana nampenda. Nikitoka safari ya siku tatu, foleni ya malori pale Tunduma, sitaki mtu wa kunyongwa. Nataka mtu wa kushinda.

#30 Mwalimu wa Zamani

Nimelala na maneno ya Mama Ndizi, naomba nirekebishe nilichosema #3.

Nilifundisha Shujaa Okonkwo, ile tafsiri ya riwaya ya Achebe, nikiwa kijana. Nilimpenda Okonkwo. Mtu wa kazi, mtu wa mieleka, hataki kufanana na babake Unoka aliyekuwa mpiga filimbi mwenye madeni kila kona. Darasani nilisimama upande wa Okonkwo, na wavulana wakasimama na mimi. Nilipofika umri wa miaka arobaini, na mwanangu wa kwanza ameacha kuongea na mimi kwa sababu ninazozijua, nikaanza kumwogopa Okonkwo. Sasa nimestaafu. Jioni nakaa barazani hapa Tukuyu, mvua inanyesha kama kawaida yake, na anayenijia kichwani ni Unoka na filimbi yake. Mtu ambaye nilimwandika ubaoni kwa mstari mmoja: "mvivu".

Herufi hazijabadilika. Kwa hiyo neno "duara" huenda halikuwa la mhusika, lilikuwa la msomaji. Au huenda ni uzee tu. Sina uhakika, na zamani nilikuwa na uhakika wa kila kitu.

#31 Mama Ndizi

Mwalimu, mwanao mmeshaongea?

#32 Mwalimu wa Zamani

Anapiga simu sikukuu.

#33 Rafu ya Juu

Mtoa mada umepotea. Nina swali la kipelelezi, tangu jana linanisumbua. Una hakika aliyeandika "mjinga" ndiye aliyeandika "pole"? Kitabu cha mtumba hupita mikononi mwa watu wengi. Huenda wa kwanza alimtukana Tumaini hadi mwisho akafunga kitabu na hasira zake. Akaja wa pili, akaandika "pole". Na huenda hiyo pole si ya Tumaini hata kidogo. Ni ya yule wa kwanza.

#34 Binti Kiwira

Rafu ya Juu umenisisimua mwili.

#35 Kitabu Chakavu

Samahani wakuu, umeme ulikatika, na pia nilikuwa nasoma michango yenu nikishindwa pa kuanzia. Asanteni.

Rafu ya Juu, swali lako limenikera kwa sababu nilishajitengenezea mtu mmoja kichwani. Nilimpa hadi sura. Nikachukua kitabu nikaenda nacho dirishani kulinganisha mwandiko. Penseli zote zimefifia, huwezi kusema ipi ni ipi. Nikasema nilinganishe herufi. "Mjinga": m, j, i, n, g, a. "Pole": p, o, l, e. Hakuna hata herufi moja inayojirudia. Nimekaa pale nusu saa nikicheka peke yangu.

Kingine nilichokiona mchana: ndani ya jalada kuna muhuri wa maktaba ya shule. Jina limekwanguliwa kwa wembe.

#36 Dereva wa Tunduma

Haya! Mnamjadili Tumaini kumbe mwenye kasoro ni mtoa mada. Umenunua mali ya wizi.

#37 Kitabu Chakavu

Nimelifikiria. Shule yenyewe siijui, ningerudisha wapi?

#38 Dereva wa Tunduma

Hivyo ndivyo Tumaini alivyoanza.

#39 Mwalimu wa Zamani

Kama jina halisomeki, kitabu ni cha anayekisoma. Hiyo ni hukumu yangu na sitaki rufaa. Naomba unikopeshe. Jumamosi nakuja Uyole kuchukua mbegu.

#40 Kitabu Chakavu

Karibu sana Mwalimu, tukutane pale njia panda saa nne. Ombi moja tu: ukiwa na la kuandika, tumia penseli. Na ukiweza, weka neno lenye herufi za pande zote mbili.